Pai ya Jaji

Wakili Osebe aliileta imeviringwa ndani ya gazeti la Jumanne,
picha aliyoinunua mnadani kule Karen,
nyumba ya ajuza aliyekufa bila hata mrithi wa kugombana naye.
"Mulandi, nipigie fremu nyeusi, ya heshima.
Nitaitundika ofisini, mbele ya viti vya wateja."

Nikaitandaza mezani, hapa Ngara, kati ya gundi na misumari,
pembe nikazibana kwa kikombe cha chai, koleo, na nusu mkate.
Karatasi nzito, madoa ya kahawia kama mkono wa mzee.
Chini yake mwaka: elfu moja mia saba tisini na kitu.
Kitu chenyewe kimeliwa na mende.

Basi, jaji.
Tumbo limetangulia mahakamani, yeye kafuata baadaye.
Wigi limepanda kama kichuguu, na kileleni
panya amezaa, ananyonyesha, hana habari na sheria.
Mbele yake mjane na shemejiye wanagombea pai.
Nyama, jaji amekwisha kuila.
Anampa kila mmoja kipande cha ukoko,
na kinywani mwake limetoka puto la maneno
ambalo wakili alinisomea akifuta machozi ya kicheko:
"Haki sawa kwa wote. Gharama ni juu yenu."

Nilicheka mpaka Chebet wa duka la vioo akaja kuchungulia.
Akacheka naye. Fundi simu wa kibanda cha pili akacheka.
Huyu tunamjua, tukasema. Huyu kavua wigi tu.
Sisi tuna panzi wawili na kunguru,
wao walikuwa na pai.

Walipoondoka nikawasha taa ya mezani.
Fundi huangalia kazi ya fundi.
Mistari ilichimbwa kwenye shaba na mtu
mwenye hasira, na kiti kizuri cha kukalia hasira yake.
Lakini rangi ni ya mwingine.
Nyekundu ya joho imevuka mstari, imeingia kwenye kiti.
Buluu imeruka kiatu kimoja.
Hapo palikuwa na mtoto, nadhani, au mama mwenye watoto,
karatasi ya sitini siku hiyo, mshumaa umebaki kidole,
analipwa kwa idadi, hana haja ya kujua pai ni ya nani.
Nami nimewahi kupaka vanishi saa tano usiku
fremu mia mbili za uso wa mheshimiwa mmoja,
na kufikia ile ya mia sikuuona tena uso.

Na pembeni, kushoto, mtumishi:
mvulana mweusi, ameshika sahani ya pai.
Huyu hakuchorwa. Alimwagiwa wino.
Midomo, macho mawili, wamemaliza.
Panya amechorewa masharubu, unywele kwa unywele.

Wakili aliporudi kuchagua kadi ya ukingo, akaweka kidole pale.
"Huyu mfiche. Ananiharibia utani."
Nikaisogeza kadi inchi. Nusu inchi. Nikairudisha.
Nikimfunika mtoto mzima, sahani inakwenda naye,
na bila sahani jaji ni mzee tu aliyeshiba.
Nikamwonyesha. Akakuna shingo,
pale ukosi mweupe wa kazi humkwaruza.
"Acha sahani. Acha na mkono, basi, hakuna namna."

Sasa iko Upper Hill, orofa ya tisa.
Katibu wake, alipokuja na picha ya harusi yake,
aliniambia wateja hucheka kwa mpango:
kwanza tumbo, halafu panya.
Halafu mtu husogea karibu na kioo,
hufuata ule mkono mpaka unapozama chini ya kadi,
na kuuliza: "Mwenyewe yuko wapi?"

Yupo, nilimjibu, penseli mdomoni, napima harusi yake.
Kisu changu kilikata kadi tu.